Kompyuta moja, miradi mitatu: namna ya kugawa muda wa prosesa unaouchangia

Kompyuta iliyowashwa ili kuandika barua au kusoma habari hutumia sehemu ndogo tu ya uwezo wa prosesa yake. Uwezo unaobaki unaweza kuuchangia utafiti wa kisayansi kupitia BOINC, programu ya bure iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ipo miradi mingi ya kuchagua. Einstein@Home husaka mawimbi ya mvutano na nyota za pulsa. Rosetta@home huchunguza maumbo ya protini, na climateprediction.net hukokotoa mwenendo wa tabianchi. World Community Grid hubeba tafiti za aina nyingi. Humo ndimo ulimopita mradi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, wa kukokotoa mvua za Afrika kusini mwa Sahara.

Mtu akishajiunga na miradi mitatu, huanza kushangaa. Leo kompyuta inashughulikia mradi mmoja tu, kesho mwingine, na mgao aliouweka hauonekani popote. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Mgao hupatikana kwa majuma, na anayeubadilisha kila siku ndiye anayeuvuruga.

Anza na jumla

Mgao hugawa kilichopo, haupunguzi chochote. Ukiwa na mradi mmoja au mitano, prosesa itafanya kazi kwa kiwango kilekile. Kwa hiyo kabla ya kugawa, amua utatoa kiasi gani.

Tuseme kazi hizi zinaongeza wati 60 kwenye matumizi ya kompyuta yako. Ikikesha saa 24, hizo ni uniti 1.44 za umeme kwa siku, yaani uniti 43.2 kwa mwezi wa siku 30. Kama ni nyingi mno kwa mfuko wako, nenda kwenye mipangilio ya BOINC upunguze asilimia ya kore (viini vya prosesa) zitakazotumika, au uweke saa maalumu za kufanya kazi. Humo humo unaweza kuweka kikomo cha data ili bando lisiishe. Na kompyuta ikiwa ya ofisi au ya shule, omba ruhusa kwanza.

Namba za mgao zina maana gani

Kila mradi huanza na mgao wa 100. Namba hiyo si asilimia. Ni kama hisa za VICOBA: hisa zako peke yake hazisemi kitu mpaka ujue kikundi kizima kina hisa ngapi. Ukiipa Einstein@Home 100, Rosetta@home 100 na World Community Grid 200, jumla ni 400. Miradi miwili ya kwanza itastahili robo moja kila mmoja, na wa tatu nusu. Ukiongeza mradi wa nne wenye 100, jumla inakuwa 500, na robo zile zinashuka hadi asilimia 20 bila wewe kuzigusa.

Namba hubadilishwa kwenye akaunti yako katika tovuti ya mradi husika. Ukishahifadhi, rudi kwenye programu, chagua mradi huo na uamuru usasishwe, ili kompyuta ipokee badiliko. Katika muonekano wa kina, orodha ya miradi huonyesha mgao pamoja na asilimia yake, kwa mfano 100 (25.00%). Hapo ndipo pa kuhakikisha kwamba hesabu yako na ya kompyuta zinalingana.

Kwa nini leo mradi mmoja unatawala

BOINC huweka kumbukumbu ya kazi iliyokwisha kufanyiwa kila mradi, na hupunguza uzito wake taratibu: kwa kawaida, kazi iliyofanywa siku 10 kabla ya leo huhesabiwa nusu ya kazi ya leo. Mradi uliopunjika hupewa kipaumbele hadi ufidiwe. Ndiyo maana mradi mpya, ambao bado hauna kumbukumbu yoyote, huweza kushika kore nyingi siku za mwanzo. Ndivyo pia kwa mradi ambao seva zake zilikaa bila kazi kisha zikapata.

Tarehe ya mwisho nayo ina nguvu. Kazi inayokaribia kuchelewa hutangulizwa mbele ya nyingine, mgao uwe wowote. Miradi iliyopitwa hufidiwa baadaye.

Hesabu ya kazi iliyofanywa hujumlisha prosesa na kadi ya michoro. Mradi unaotumia kadi ya michoro hujaza kibaba chake upesi, kisha kore za prosesa zikaelekezwa kwa miradi mingine. Ukiona Einstein@Home iko kwenye kadi tu huku Rosetta@home ikishika prosesa yote, huo ndio mgao wenyewe unafanya kazi. Usiupime kwa pointi ambazo miradi inakutunuku, kwa sababu BOINC hutumia makadirio yake yenyewe.

Usirundike kazi

Kwa kawaida BOINC huweka akiba ya siku 0.1 ya kazi, na nyongeza ya hadi siku 0.5. Kwa mwenye intaneti ya kudumu, hiyo inatosha. Anayeunganishwa jioni tu anaweza kuongeza hadi siku moja hivi. Ukirundika kazi za siku nyingi, tarehe za mwisho hugongana, kompyuta hukimbizana nazo, na mgao husukumwa kando.

BOINC pia huweza kubadilisha kazi kila dakika 60. Kama kumbukumbu (RAM) ya kompyuta inaruhusu, chagua kazi zilizosimamishwa zibaki humo. Vinginevyo kila moja itarudi kwenye hatua ya mwisho iliyohifadhiwa. Umeme ukikatika, kurudi huko hakuepukiki.

Mgao wa sifuri

Sifuri haiufungii mradi nje. Huufanya wa akiba: utaomba kazi pale tu miradi mingine ikiishiwa. Kwa kompyuta ya kawaida ya nyumbani, miradi miwili au mitatu yenye mgao na mmoja wa sifuri hutosha, na kore hazitakaa bure seva fulani ikizimika.

Asiyetaka kupiga hesabu hizi anaweza kujiunga kupitia Science United, huduma ambako mtu huchagua nyanja za sayansi anazozipenda, nayo ikamchagulia miradi.

Ukishapanga, acha mipangilio kwa mwezi mzima kabla ya kuipima. Ikiwa mradi bado umepunjika, kagua kwanza kama seva zake zina kazi na kama kompyuta yako ina kumbukumbu ya kutosha kuzibeba. Mgao, uwe mkubwa kiasi gani, hauwezi kuzalisha kazi ambazo mradi hauna.