Punje ya Dhahabu ya Ituri Mbele ya Ncha ya Silikoni

Mwanafunzi wa Bunia anayetaka kuchunguza uso wa punje ya dhahabu kwa hadubini ya nguvu za atomu pengine atalazimika kuipeleka punje hiyo katika maabara ya mbali. Asivunjike moyo. Sehemu kubwa ya kazi inafanyika hapa hapa, kabla mashine haijawashwa, na ikiharibika hapa hakuna mashine ya kuiokoa.

Hadubini hii, ambayo Gerd Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber waliitangaza mwaka 1986, haitazami kitu bali hukipapasa. Ncha ya silikoni, ambayo ukali wake ni nanomita 10 hivi, imefungwa kwenye ulimi mwembamba unaonesa. Ncha ikipanda au kushuka, mwale wa leza unaopiga mgongo wa ulimi huo unahama, na kompyuta inaandika kimo cha kila nukta. Kwa sampuli kama dhahabu hewa ya kawaida inatosha. Huhitaji kupaka kitu chochote juu yake.

Anza na punje yenyewe. Wachimbaji wengi wa Mongbwalu na kwingineko Ituri hukusanya dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma. Zebaki huingia ndani ya dhahabu, na ikitoka kwa moto huacha vitundu kila mahali. Ukipima punje ya namna hiyo unasoma habari za zebaki na moto, si habari za mto. Kwa hiyo usinunue dukani. Nenda kwa mchimbaji, umwombe punje iliyooshwa kwa karai na maji tu, na uandike papo hapo jina la mto, kina na tarehe. Zebaki usiiguse wala usisimame karibu inapochomwa. Mvuke wake ni sumu.

Chagua punje bapa. Mashine nyingi haziwezi kupanda na kushuka zaidi ya mikromita 15 hivi, na punje ya mviringo ina mabonde yanayozidi hapo. Usiigonge kwa nyundo ili ilale, wala usiisugue. Punje za mtoni mara nyingi hupoteza fedha kwenye tabaka la nje, hata ganda likawa dhahabu safi kuliko kiini, na ganda hilo ndilo ulilolifuata.

Isuuze kwa maji yaliyotoneshwa, kisha kwa alkoholi safi, bila brashi. Ishike pembeni kwa kibano. Itie ndani ya kichupa safi cha kioo, maana vifuko vya plastiki vinaweza kuacha mafuta ambayo jicho haliyaoni lakini ncha inayagusa. Maabarani waombe waibandike kwa gundi ngumu inayokauka kabisa. Utepe laini hujivuta polepole na picha inapinda.

Kusafirisha dhahabu nje ya nchi bila hati ni magendo, hata ikiwa punje moja. Ulizia mapema CEEC, taasisi ya serikali inayothibitisha madini ya thamani, na uwe na barua ya chuo chako mkononi.

Siku ya kupima, omba ncha iguse kwa kudundadunda badala ya kuburuzwa, kwa sababu dhahabu ni laini na inachubuka. Waanze na eneo la mikromita 20 kila upande, kisha 5, kisha 1. Mistari 512 kwa mwendo wa mstari mmoja kila sekunde inachukua karibu dakika 9. Anayekuletea picha kumi kwa nusu saa amekimbia.

Halafu dai faili lenye vipimo, usikubali picha ya rangi peke yake. Ukiwa nalo unaweza kufanya hesabu zote Bunia kwa Gwyddion, programu ya bure isiyohitaji kompyuta kubwa: kusawazisha mteremko, kukata mstari na kupima kina cha mkwaruzo, kupata wastani wa ukwaruzaji wa uso.

Vilima vyote vikiwa na umbo moja na vikielekea upande mmoja, shuku ncha: imevunjika au imebeba uchafu, na inachora umbo lake yenyewe. Igeuzwe punje nyuzi 90 ipimwe tena. Alama za kweli zitageuka pamoja na punje. Za uongo zitabaki zilikokuwa. Picha ambayo haikupita jaribio hilo isiingie kwenye memwari yako.