Chitambo na Wageni Wake

Mtu akisafiri siku hizi hutafuta nyumba ya wageni, hulipa fedha yake, naye hupewa kitanda na ufunguo, wala hana haja ya kulijua jina la mwenye nyumba. Zamani mambo hayakuwa hivyo. Msafiri aliyekwenda kwa miguu katika bara, jua lilipokaribia kuchwa, hakuwa na tegemeo lingine ila mlango wa mtu asiyemjua. Alisimama nje akapiga hodi, na alipoitikiwa ndipo alipoingia. Akipiga hodi mara tatu bila ya kuitikiwa, alikwenda zake wala hakununa. Mwenyeji naye alikuwa na wajibu wake: kumpa mgeni mahali pa kukaa, na maji ya kunywa, na kumwuliza habari za atokako na za njiani, kabla ya kumwuliza haja iliyomleta. Haya ni mambo madogo, na gharama yake si kubwa. Walakini siku nyingine uhai wa mtu huyategemea hayo.

Mwezi wa Agosti mwaka 1872, Dakta David Livingstone, aliyekuwa Mskoti, aliondoka Unyanyembe pamoja na wapagazi wake kwenda kutafuta chemchemi za mto Nili. Miongoni mwa watu wake walikuwamo Susi, mwenyeji wa Shupanga katika mto Zambezi, na Chuma, Myao aliyefunguliwa katika msafara wa watumwa mwaka 1861 alipokuwa mtoto. Alikuwamo tena Jacob Wainwright, kijana wa Kiafrika aliyesomeshwa katika shule ya misioni huko Nasik katika Bara Hindi. Wote hao walikuwa wageni katika nchi waliyoiendea, si yule Mzungu peke yake. Neno hili husahauliwa mara nyingi na watu wanaoisimulia habari hii.

Walipofika kando ya ziwa Bangweulu masika yalikuwa yamekwisha shika. Nchi yote ilikuwa maji na matete, mito haikutambulikana na mabwawa, na Livingstone alikuwa mgonjwa wa tumbo, akitokwa na damu nyingi hata nguvu zikamwishia. Wenyeji wa huko hawakuwapokea vema daima. Jumbe mmoja, jina lake Matipa, aliahidi kuwapa mitumbwi, kisha akawacheleweshea siku baada ya siku. Mwezi wa Machi 1873 Livingstone akachoka kungoja, akaingia katika nyumba ya Matipa na kupiga bastola kupitia mapaa yake. Matipa akakimbia, na mitumbwi ikaletwa upesi. Livingstone alikuwa mtu mpole, na wengi wamemsifu kwa upole wake, lakini siku ile alikosa adabu ya mgeni. Kuficha jambo hili hakufai, kwa kuwa yeye mwenyewe aliliandika katika kitabu chake cha kila siku.

Wala Matipa asilaumiwe kupita kiasi. Zama zile zilikuwa za hofu. Misafara ya watumwa ilipita katika nchi hizo, na Mazitu, ndio Wangoni, walikuwa wakipiga vijiji na kuchukua ng'ombe na watu. Mwenye kijiji aliyeona mstari wa watu wenye bunduki ukitokea katika majani hakuweza kujua kama ni wasafiri au ni watekaji. Aliyemfungulia mgeni mlango aliutia mji wake wote katika hatari. Kwa hiyo ukarimu wa siku zile haukuwa jambo jepesi kama unavyodhaniwa na mtu anayeketi salama nyumbani kwake.

Mwishoni mwa Aprili walifika kwa jumbe mwingine, Kalunganjovu. Huyu aliwapokea kwa heshima. Livingstone hakuweza tena kwenda kwa miguu. Wapagazi walimchukua juu ya kitanda cha miti. Asubuhi ya kuondoka hakuweza hata kuufikia mlango wa kibanda, na mlango wenyewe ulikuwa mwembamba, kitanda hakikupita. Ikawa hakuna njia ila kubomoa ukuta wa kibanda, kitanda kikaingizwa mpaka alipolala mgonjwa. Kalunganjovu akafika mwenyewe mpaka kivukoni, akasimamia mitumbwi, ili mgeni wake avushwe salama.

Jioni ya tarehe 29 Aprili wakafika kwa Chitambo, jumbe wa Walala, katika nchi ambayo leo ni sehemu ya Zambia. Mvua ilikuwa ikinyunya. Vibanda vingi havikuwa na watu, kwani wenyeji walikuwa mashambani wakilinda mazao yao. Wapagazi wakamlaza Livingstone upenuni mwa kibanda kimoja, wengine wakakimbilia kukata miti na majani ili wamjengee nyumba kabla ya usiku. Watu wa kijiji wakakusanyika. Walikuwa wamekwisha sikia habari zake tangu zamani. Wakasimama kimya, wakiegemea pinde zao, wakimtazama. Hawakupiga kelele, wala hawakumsonga.

Asubuhi yake Chitambo akaja kumwamkia mgeni, kama ilivyo desturi. Livingstone alikuwa hawezi kusema sana. Akamwomba aende, arudi kesho, labda atakuwa amepata nguvu kidogo ya kuzungumza naye. Chitambo akaenda zake. Msomaji na aangalie neno hili. Jumbe katika nchi yake mwenyewe aliambiwa na mgeni aondoke, naye akaondoka. Kumtazama mgonjwa ni adabu, na kujua wakati wa kumwacha apumzike ni adabu vilevile. Wako watu wazima wengi ambao hawajajifunza hiyo ya pili.

Kesho haikuja. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 1873, kijana Majwara aliyekuwa akilala karibu na bwana wake akamwamsha Susi. Wakaingia, wakamkuta Livingstone amepiga magoti kando ya kitanda, kichwa chake juu ya mto, naye amekwisha kufa.

Hapo ndipo hofu ilipowaingia. Walikuwa mamia ya maili mbali na kwao, tena sasa hawana mkubwa. Waliijua desturi ya nchi nyingi walizozipita: kifo cha mgeni ni jambo zito, huleta nuksi, na mwenye nchi aweza kutoza malipo makubwa kwa ajili yake. Wakitozwa nguo na shanga zao zote, watanunua nini chakula cha njiani? Tena walikuwa wamekwisha azimu neno lililozidi kuwatia hatarini. Walitaka kuikausha maiti na kuichukua mpaka Unguja, ili ipelekwe kwao Livingstone. Basi wakafanya shauri la kumficha Chitambo. Wakamwendea, wakamwomba ruhusa ya kujenga mahali pao wenyewe nje ya kijiji, wala hawakumwambia sababu. Chitambo akawapa ruhusa.

Lakini siri ya watu wengi haina maisha marefu. Baadhi ya wapagazi walikwenda kijijini kununua chakula, na habari ikawatoka. Chitambo aliposikia aliondoka mara moja, akaenda mpaka kambini kwao.

Mtu aliyedanganywa nyumbani kwake ana haki ya kukasirika. Chitambo alikuwa na haki hiyo, na nguvu pia, kwa maana watu wake walikuwa wengi, nao walikuwa na pinde na mikuki. Angaliweza kudai alichotaka. Akawauliza kwa nini hawakumwambia kweli. Akasema ajua kwamba bwana wao amekufa, na kwamba wamemficha kwa kuogopa. Basi wasiogope tena. Kisha akawaeleza sababu ya maneno yake. Yeye naye amekuwa msafiri. Amefika Bwani, yaani pwani, zaidi ya mara moja, siku zile ambazo Mazitu walikuwa hawajaiharibu njia. Ajua kwamba hawakuja katika nchi yake kwa nia mbaya, na kwamba mauti huwapata wasafiri mara nyingi njiani.

Maneno haya yalihifadhiwa na wale waliyoyasikia, nao waliyasimulia walipofika Uingereza, ndiyo sababu yanajulikana leo. Chitambo hakujidai kuwa mwema, wala hakusema kwamba watu hawa ni rafiki zake, maana alikuwa hajakaa nao hata siku tatu. Alikumbuka tu siku alizokuwa mgeni yeye mwenyewe, miguu yake ikiwa na vumbi, mbele ya watu wa pwani waliokuwa hawamjui.

Wapagazi wakapata moyo, wakamwambia shauri lao lote. Hapo Chitambo hakukubaliana nao. Njia ni ndefu, akasema, nayo ni ya hatari. Ni afadhali wamzike bwana wao hapo hapo. Wakakataa. Chitambo akawaacha wafanye watakavyo, wala hakuupunguza wema wake kwa kuwa shauri lake halikufuatwa. Akaweka siku ya kuomboleza. Siku ilipofika alikuja pamoja na wake zake na watu wake wote. Alivaa kitambaa kipana chekundu mabegani, na nguo ya pamba ya kwao iliyofika miguuni. Watu wake walichukua pinde, mishale na mikuki, na bunduki hawakuwa nayo hata mmoja. Wapiga ngoma wawili wakapiga, na kilio kikubwa kikasikika. Wapagazi nao wakapiga bunduki hewani, mara baada ya mara, kama desturi ya Wareno na Waarabu katika mazishi. Hivyo makabila mengi, na mtu ambaye wengi wa wenyeji walimwona mara moja tu, akiwa amelala upenuni kimya, akaliliwa kama mwenye kwao. Baadaye akaja mwombolezaji hodari, amefunga miguuni mbegu za kulia kama njuga, akacheza na kuimba polepole, naye akapewa kigwe cha shanga.

Maiti ikatiwa chumvi, ikakaushwa juani muda wa siku kumi na nne, ndani ya nyumba isiyo na mapaa, iliyozungushiwa boma la miti ili wanyama wasiingie. Moyo ukazikwa chini ya mti mkubwa uitwao mpundu. Jacob Wainwright akasoma maneno ya mazishi, kisha akachora kwa kisu katika mti ule jina la Livingstone na tarehe. Wakasimamisha na miguzo miwili, na boriti juu yake, mfano wa mlango, wakaipaka lami.

Walipokuwa tayari kuondoka, walimwomba Chitambo mambo mawili: asafishe majani kuuzunguka mti ule ili moto wa porini usiuunguze, na auhifadhi usikatwe. Wakampa kasha la bati lililokuwa la biskuti, pamoja na karatasi za magazeti, awaonyeshe wasafiri watakaokuja baadaye kwamba kweli Mzungu alikaa pale. Chitambo akakubali. Lakini hakuwapa ahadi ya maneno matupu. Akawaambia kwamba, ikiwa Waingereza watakuja kuutazama mti, basi waje upesi. Kwa maana Mazitu wakija yeye atalazimika kukimbia, na akiisha kukimbia huenda mtu mwingine akautaka mti ule kwa kuchonga mtumbwi. Mtu anayeahidi kwa namna hii, akisema waziwazi neno gani aliweza na neno gani halimo katika uwezo wake, yafaa kuaminiwa.

Safari ya kurudi ilichukua muda wa miezi tisa hivi. Si kila kijiji kilikuwa kama cha Chitambo, wala wageni hawakuwa daima kama walivyokuwa kwake. Baada ya kuvuka mto Luapula walifika kwa jumbe Chawende, wakanyimwa ruhusa ya kuingia. Wakaingia kwa nguvu. Ndani walimkuta mwana wa jumbe na wenziwe wamelewa, maneno makali yakatoka pande zote mbili, upinde ukavutwa, bunduki zikalia, damu ikamwagika. Wapagazi wakaishika boma na kukaa humo siku kadha, huku wenyewe wakiwa porini. Watu walikuwa ni wale wale, na mzigo ni ule ule waliouchukua. Tofauti ilikuwa mlangoni.

Mwezi wa Februari 1874 wakafika Bagamoyo, wakaiweka maiti katika misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, na kutoka huko ikachukuliwa Unguja kwa meli ya kivita ya Waingereza. Tarehe 18 Aprili 1874 ikazikwa London katika kanisa la Westminster Abbey. Jacob Wainwright alikuwa mmoja wa waliolichukua jeneza. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, wakaeleza habari yote ya safari, na maneno ya Chitambo pamoja nayo.

Mwaka 1899 Mwingereza mmoja mwenye kazi ya serikali alifika mahali pale pa mpundu. Miaka ishirini na sita ilikuwa imepita. Mti ulikuwa umezeeka na kuanza kuoza ndani, lakini ulikuwa bado umesimama, na maandishi ya Jacob yalisomeka. Wakakikata kile kipande chenye maandishi, kikapelekwa London, na mwaka 1902 nguzo ya ukumbusho ikajengwa mahali pale ulipokuwa mti.