Chakula cha Jioni cha Wawili kwa Gordon Ramsay, Chelsea: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa wanandoa au wachumba wanaotaka kula chakula cha jioni katika mgahawa uitwao Restaurant Gordon Ramsay, ulioko 68 Royal Hospital Road, Chelsea, London. Wengi wetu tunamfahamu Ramsay kwa runinga, akiwafokea wapishi. Mgahawa huu aliufungua mwaka 1998, na tangu mwaka 2001 una nyota 3 za Michelin. Hilo ndilo daraja la juu kabisa la Michelin, kitabu cha Wafaransa cha kupima migahawa, na tafsiri yake rasmi ni kwamba chakula cha mahali hapo kinastahili kufungiwa safari. Basi ifungeni safari hiyo sawasawa.

Hatua ni 14. Nane za kwanza hukamilika kabla hamjaketi mezani, nazo ndizo zinazoamua kama jioni yenu itakuwa tulivu. Msiruke hata moja, wala msibadilishe mfuatano wake.

Istilahi nne zinatumika kuanzia hapa hadi mwisho:

Mhifadhi: mmoja wenu ambaye jina lake, barua pepe yake na kadi yake ya benki vitatumika kuweka nafasi. Ni mtu mmoja tu, wala habadilishwi katikati.

Karatasi ya mahitaji: karatasi moja yenye orodha ya vitu ambavyo kila mmoja wenu hali.

Awamu: sahani moja, au kundi la vitu vinavyoletwa mezani kwa pamoja na kuondolewa kwa pamoja.

Ada ya huduma: asilimia inayoongezwa juu ya bili kwa ajili ya wahudumu.

Vifaa: simu 2 zenye chaji na kadi 2 za benki (kila mtu na zake), karatasi 1, kalamu 1.

Hatua ya 1. Pangeni bajeti.
Ketini pamoja, fungueni tovuti ya mgahawa na msome bei za siku hiyo. Msitegemee bei mliyosimuliwa na rafiki, kwa kuwa menyu hubadilika na bei hubadilika nayo. Bei za menyu nchini Uingereza huwa tayari zina kodi ya ongezeko la thamani. Ada ya huduma haimo.

Fuateni hesabu hii. Tarakimu zake ni za mfano tu. Wekeni zenu mahali pake. Chakula pauni 200 kwa kila mtu, mara 2, ni pauni 400. Vinywaji pauni 100. Jumla ndogo ni pauni 500. Ada ya huduma, tukichukua asilimia 15, ni pauni 75. Jumla ni pauni 575. Ongezeni usafiri pauni 40, mfike pauni 615. Kisha ongezeni akiba ya asilimia 10, takriban pauni 62. Kikomo chenu ni pauni 677.

Uhakiki: wote wawili mmeitaja tarakimu ya mwisho kwa sauti na mmeikubali. Ikiwa mmoja anasita, simameni hapa. Nafasi haijawekwa, na hakuna mtakachokatwa.

Hatua ya 2. Andikeni karatasi ya mahitaji.
Hii ndiyo hatua nyeti kuliko zote. Ramsay alifundwa na Marco Pierre White na Albert Roux huko London, kisha na Guy Savoy na Joël Robuchon huko Paris. Upishi wake kwa hiyo una msingi wa Kifaransa. Siagi na krimu ni vya kawaida, na mchuzi huweza kuchemshiwa mvinyo pasipo jina la sahani kuonyesha hivyo. Kitindamlo nacho huweza kugandishwa kwa jelatini ya mnyama.

Gaweni karatasi safu mbili, moja ya kila mtu. Kila mtu ajaze safu yake kwa mkono wake, kwa Kiingereza, chini ya vichwa vitatu:

(a) Vinavyomdhuru. Sheria ya Uingereza inataja vizio 14 ambavyo mgahawa lazima uweze kumwambia mteja kama vimo katika chakula, vikiwemo karanga, ufuta, maziwa, mayai, samaki na wanyama wa baharini wenye magamba kama kamba. Pimeni uzito wa jambo hili kwa sahani moja tu: ravioli iliyojazwa kamba koche, langustini na samoni, ambayo imehusishwa na mgahawa huu kwa miaka mingi. Sahani hiyo peke yake ina samaki, ina wanyama wa magamba, na ina unga wa ngano.

(b) Vilivyokatazwa na dini. Muislamu asiandike tu kwamba yeye ni Muislamu, akitumaini kueleweka. Ataje kimoja kimoja: nyama ya nguruwe na mafuta yake, pombe ndani ya mchuzi, pombe ndani ya kitindamlo, jelatini ya nguruwe. Kisha aulize kwa sentensi inayojitegemea kama nyama imechinjwa kihalali. Jibu likiwa hapana, au likiwa na utata, aombe menyu ya mboga au ya samaki.

(c) Asivyovipenda. Visizidi vitu 3. Orodha ndefu ya visivyopendwa humfanya mpishi ashindwe kukitofautisha kinachokera na kinachodhuru.

Kwa sababu ya hatua hii sishauri chakula hiki kiwe cha kumshtukiza mwenzako. Najua mshtuko una utamu wake, lakini mtu hawezi kujaziwa safu ya vizio na mtu mwingine. Mshtue kwa zawadi. Chakula mkipange wote.

Hatua ya 3. Thibitisheni jina na anwani ya mgahawa.
Ramsay ana migahawa mingi London, na kosa la kuweka nafasi kwenye mgahawa usio wenyewe ni jepesi. Savoy Grill ni wake, Bread Street Kitchen ni wake, Pétrus vilevile. Mwaka 2025 alifungua mwingine katika jengo la 22 Bishopsgate uitwao Restaurant Gordon Ramsay High, jina linalotofautiana na la huu wa Chelsea kwa neno moja la mwisho.

Uhakiki: ukurasa mnaowekea nafasi unaonyesha vyote viwili, jina Restaurant Gordon Ramsay lisilo na nyongeza na anwani 68 Royal Hospital Road. Kikikosekana kimoja, fungeni ukurasa.

Hatua ya 4. Wekeni nafasi.
Ukumbi ni mdogo, wa watu wapatao 45, kwa hiyo anzeni wiki kadhaa kabla. Mhifadhi ajaze: watu 2, tarehe, saa, jina kama lilivyo kwenye kadi ya benki.

Kuweni waangalifu na saa. Mgahawa ukiandika 7:00 jioni kwa hesabu ya Kiingereza, kwetu ni saa 1:00 usiku. Andikeni saa zote kwa mtindo wa saa 24, yaani 19:00, kwenye simu za wote wawili. Mkiweka nafasi mkiwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, kumbukeni kwamba London iko nyuma kwa saa 2 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na kwa saa 3 miezi iliyobaki. Kengele ya simu iwekwe kwa saa ya London.

Migahawa ya daraja hili kwa kawaida huomba namba ya kadi ya benki, na mkighairi kwa kuchelewa hukata fedha. Kabla ya kubonyeza, someni masharti mpate majibu mawili: mwisho wa kughairi bila kukatwa ni saa ngapi kabla ya miadi, na mkikatwa mtakatwa kiasi gani kwa kila mtu. Someni pia kama menyu ndefu, ile ya awamu nyingi zilizopangwa na mpishi, lazima ichukuliwe na meza nzima. Mara nyingi ndivyo ilivyo, maana jiko haliwezi kumhudumia mmoja awamu saba na mwenzake tatu bila mmoja kuketi akimtazama mwingine.

Uhakiki: barua pepe ya uthibitisho imefika. Ipigeni picha, picha ikae kwenye simu zote mbili.

Hatua ya 5. Tumeni karatasi ya mahitaji kwa barua pepe.
Mhifadhi ajibu barua ileile ya uthibitisho, ili namba ya nafasi na mahitaji vikae pamoja. Anakili karatasi neno kwa neno na aombe jibu la maandishi. Jibu lisipopatikana ndani ya siku 3, apige simu na aandike jina la aliyempokea.

Uhakiki: jibu linataja mahitaji ya wote wawili. Jibu la jumla la kwamba yote yamezingatiwa halitoshi. Ombeni litaje kimoja kimoja.

Hatua ya 6. Andaeni mavazi na vifaa.
Fanyeni hivi siku 1 kabla. Mwanamume: suruali ya kitambaa, shati lenye kola, koti, viatu vya ngozi. Mwanamke: gauni au vazi lolote la heshima; dera la mtoko, kitenge kilichoshonwa vizuri na hijabu vinafaa kabisa. Nguo za michezo, kaptura na kandambili zibaki nyumbani.

Hatua ya 7. Safirini hadi Sloane Square.
Kituo cha karibu cha treni za chini ya ardhi ni Sloane Square, kwenye njia za District na Circle. Kila mtu aguse mashine kwa kadi yake mwenyewe, kwa kuwa kadi moja haivushi watu wawili. Kilichogusa wakati wa kuingia ndicho kiguse wakati wa kutoka: aliyeingia kwa kadi asitoke kwa simu, hata kama simu hiyo inatumia akaunti ileile, maana atatozwa kama safari mbili zisizokamilika.

Mkitoka kituoni, shukeni na Lower Sloane Street, kisha pindeni kulia kuingia Royal Hospital Road. Mtapita Royal Hospital Chelsea, halafu National Army Museum. Endeleeni mpaka namba 68. Tengeni dakika 20 za kutembea. Mwenye visigino virefu achukue teksi.

Hatua ya 8. Jitambulisheni mlangoni.
Fikeni dakika 5 hadi 10 kabla ya miadi. Mkichelewa, pigeni simu mkiwa bado njiani. Mhifadhi ataje jina lake na neno “watu wawili”, kisha mkabidhi makoti. Zimeni sauti za simu.

Msimtarajie Ramsay mwenyewe. Ana migahawa na vipindi vya runinga katika nchi kadhaa, na jiko hili huongozwa na mpishi mkuu wa hapohapo. Chakula hakipungui kwa sababu hiyo. Clare Smyth aliliongoza jiko hili na nyota 3 zikabaki. Kisha akafungua mgahawa wake, Core, mwaka 2017, nao ukapata nyota 3 mwaka 2021.

Hatua ya 9. Rudieni mahitaji kwa mhudumu.
Kabla ya mkate, kabla ya kinywaji, mpeni mhudumu karatasi ya mahitaji. Kila mmoja aonyeshe safu yake. Msiseme kwamba mlishatuma barua mkaishia hapo. Aliyeisoma huenda si huyu.

Uhakiki: mhudumu ameyarudia mahitaji kwa kinywa chake, akionyesha nani ni nani.

Hatua ya 10. Agizeni vinywaji, kisha chakula.
Semeni mnataka maji ya bomba. Katika Uingereza, mgahawa wenye leseni ya pombe unapaswa kuwapa maji hayo bure mkiyaomba. Mkiulizwa mnataka maji ya aina gani mkajibu “ya kawaida”, mnaweza kuletewa ya chupa ya kulipia.

Mnaotumia mvinyo, mwonyesheni mhudumu wa mvinyo bei kwenye orodha kwa kidole, mseme mnataka wa kiwango hicho. Hakuna aibu, na yeye ndivyo anavyopenda. Msiotumia kilevi, semeni hivyo mara moja, glasi za mvinyo ziondolewe, na muulize vinywaji visivyo na kilevi vinavyoendana na kila awamu.

Kila mhudumu anapopendekeza kitu cha nyongeza, ulizeni bei yake kabla ya kukubali.

Hatua ya 11. Kuleni awamu kwa awamu.
Tengeni takriban saa 3 kwa menyu ndefu. Vijiko, visu na uma hutumiwa kuanzia vya nje kuja vya ndani. Msianze kabla wote wawili hamjawekewa. Msikilizeni mhudumu anapoeleza sahani, na mkisikia neno lililo kwenye karatasi ya mahitaji, wekeni uma chini na muulize kabla ya kuonja.

Anayetaka kwenda msalani aende kati ya awamu na awamu. Akiondoka sahani zikiwa njiani, jiko hulazimika kuzirudisha, na ya mwenzake pia. Picha zinaruhusika kwa adabu: bila mwanga wa kamera, bila kuwapiga wageni wengine, na zisizidi 2 kwa kila awamu, chakula kisipoe.

Baada ya kitindamlo, kama mngependa kuliona jiko, ulizeni kwa upole. Wakikataa, shukuruni.

Hatua ya 12. Kagueni bili.
Someni mstari kwa mstari: idadi ya menyu (2), kila kinywaji, kila nyongeza, amana kama mlilipa (iwe imetolewa), na ada ya huduma. Kama menyu inasema ada ya huduma ni ya hiari, mna haki ya kuomba ipunguzwe au iondolewe. Fanyeni hivyo tu kama huduma ilikuwa na kasoro. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, sheria ya Uingereza inamtaka mwajiri awape wafanyakazi fedha hizo zote bila kujikatia. Kwa hiyo bakshishi ya ziada haihitajiki.

Hatua ya 13. Lipeni kwa pauni.
Mashine ikiuliza kama mnataka kukatwa kwa shilingi au kwa pauni, chagueni pauni. Kubadilishiwa fedha na mashine kwa kawaida huwa ghali kuliko kubadilishiwa na benki yenu. Ikiuliza kuhusu bakshishi na ada ya huduma imo kwenye bili, chagueni sifuri.

Uhakiki: kiasi kwenye kioo cha mashine ni kile kile cha bili. Ndipo muweke namba ya siri. Chukueni risiti na makoti.

Hatua ya 14. Linganisheni risiti na benki.
Baada ya siku 3, mhifadhi afungue akaunti na kutazama kama kilichokatwa ni kimoja, na kama kinalingana na risiti. Kisipolingana, aandike barua pepe siku hiyohiyo kwa kujibu ile barua ya hatua ya 4, aambatanishe picha ya risiti na ya akaunti, na aombe tofauti irudishwe kwenye kadi ileile.