Mali Bila Daftari: Somo juu ya Mapato ya Klabu Ndogo za Mpira

Watu wengi wakiulizwa klabu ya mpira hupata wapi fedha zake, hujibu upesi kwamba huzipata mlangoni. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi, kwa maana klabu nyingi za nchi yetu hazina mlango. Uwanja wa kata ni uwanja wa wazi, hauna ukuta wala seng'enge. Watu husimama pembeni, wengine wakiwa wamekaa juu ya pikipiki zao, na mchezo ukiisha huenda zao bila kutoa hata senti moja. Haifai kuwalaumu, kwa sababu hakuna aliyewadai.

Mimi ni mweka hazina wa timu ya bweni letu, nami hupenda sana somo la hesabu za biashara. Nimelichagua jambo hili kwa sababu mwezi Novemba sisi wa Kidato cha Nne tutamaliza mtihani na kurudi makwetu, na wengi wetu tutataka kuendelea kucheza. Nilipokuwa darasa la saba, mtaani kwetu palikuwa na klabu tatu. Leo imebaki moja. Hizo mbili hazikufa kwa kukosa wachezaji. Zilikufa kwa kukosa nauli ya mechi za ugenini, ada ya mashindano, na fedha za kununua mipira. Basi yatupasa kujiuliza: je, klabu ndogo yaweza kuishi ikiwa hapana hata mtu mmoja anayelipa kiingilio?

MWAKA WA VIWANJA VITUPU

Swali hilo liliulizwa duniani kote mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea. Wasomaji watakumbuka kwamba hapa Tanzania shule zilifungwa mwezi Machi, na Ligi Kuu nayo ikasimama hadi mwezi Juni. Huko Ujerumani ligi kuu ilianza tena tarehe 16 Mei, lakini viti vyote vilikuwa vitupu. Klabu kubwa zilikuwa na fedha za televisheni za kuzishikilia. Klabu ndogo, ambazo tegemeo lao ni kiingilio, zilikuwa hazina pa kukimbilia, na kwa hiyo zililazimika kufikiri.

Mfano wa kwanza ni Lokomotive Leipzig ya Ujerumani, iliyokuwa ikicheza daraja la nne. Klabu hiyo iliuza tiketi za mechi ambayo haikuwapo kabisa, dhidi ya mpinzani asiyeonekana, kwa bei ya euro 1. Shabaha yao ilikuwa kuipita hesabu ya watu 120,000 wanaokadiriwa kuingia uwanjani mwaka 1987, klabu hiyo ilipocheza nusu fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya na Bordeaux ya Ufaransa. Waliipita.

Mfano wa pili ni Marine, klabu ya daraja la nane ya mji wa Crosby, karibu na Liverpool. Tarehe 10 Januari 2021 klabu hiyo ilicheza nyumbani na Tottenham Hotspur ya Ligi Kuu ya Uingereza, katika raundi ya tatu ya Kombe la FA. Mechi ya namna hiyo ingeujaza uwanja wao mdogo hadi pomoni, lakini watazamaji walikuwa wamekatazwa. Klabu ikauza tiketi za jina tu kwa pauni 10. Aliyenunua hakuingia uwanjani, na mechi yenyewe ilionyeshwa na televisheni ya BBC, ambayo haikumwuliza mtu tiketi hiyo. Wanunuzi waliingizwa pia katika bahati nasibu, na zawadi yake ilikuwa kuiongoza timu katika mechi ya kirafiki. Zilinunuliwa tiketi zaidi ya 30,000. Zidisha kwa 10, utapata zaidi ya pauni 300,000. Marine walifungwa mabao 5 kwa bila, lakini mweka hazina wao nadhani alilala usingizi mwema.

Sasa tutulie tufikiri. Watu wale walinunua nini? Hawakununua kiti wala kivuli, na mchezo wangeweza kuuona vivyo hivyo bila tiketi. Walinunua haki ya kusema, "Klabu ile ni yetu, na ilipokuwa taabani sisi tulikuwamo." Hilo ndilo jambo la kwanza la kujifunza. Kiingilio ni njia moja tu ya kumwomba mtu achangie kitu anachokipenda. Njia hiyo ikifungwa, mapenzi yenyewe hayajafungwa.

WANACHAMA KABLA YA WATAZAMAJI

Huenda mtu akasema kwamba Ulaya ni matajiri, na sisi hatuwezi kununua tiketi za hewa. Nami nakubali kwamba hatuwezi kuwaiga kwa kila jambo. Lakini tazama kina mama wa mitaani kwetu katika vikoba vyao. Kila juma hukutana, kila mmoja huweka hisa zake, jina lake huandikwa, na fedha huhesabiwa mbele ya wote. Hawana jengo wala afisa, na bado wanakopeshana mitaji ya biashara. Klabu ya mpira yashindwa nini?

Tuseme klabu ya kata ina wanachama 120, na kila mmoja hutoa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa njia ya simu. Kwa mwezi ni shilingi 120,000, na kwa mwaka ni shilingi 1,440,000. Fedha hizo si nyingi, lakini zina sifa moja ambayo kiingilio hakina: zinajulikana kabla ya msimu kuanza. Mvua ikinyesha siku ya mechi, hazipungui. Timu ikifungwa mara tatu mfululizo, hazikimbii. Mwenye hesabu ya namna hiyo aweza kupanga safari zake tangu mwanzo, tena mwanachama aliyehamia mji wa mbali huweza kuchanga sawa na aliye jirani ya uwanja.

Kadhalika kuna jezi. Tuseme klabu imenunua jezi 60 kwa shilingi 12,000 kila moja, ikaziuza kwa 15,000. Faida ni shilingi 180,000, na watu 60 watatembea mtaani wakiitangaza klabu bure. Juu ya jezi hizo laweza kuandikwa jina la duka la vifaa, la mashine ya kusaga, au la fundi cherehani aliyechangia gharama. Ni vema wafadhili wawe wengi na wa karibu, kuliko kuwa na mmoja aliye mkubwa. Mwaka 2019 nchini Kenya, kampuni moja ya michezo ya kubahatisha ilipokosa leseni na kuacha ufadhili wake, hata Gor Mahia na AFC Leopards, ambazo ni klabu kubwa na kongwe, zilitaabika. Nyumba yenye nguzo moja haihitaji kimbunga ili ianguke.

Wengine watasema, "Na televisheni je?" Ni kweli kwamba mwezi Mei 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania lilitiliana mkataba na Azam Media wa miaka 10, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mkataba huo umeisaidia Ligi Kuu, nasi twafurahi. Lakini klabu ya kata haichezi Ligi Kuu, wala kamera haziji katika uwanja wake. Kuingojea televisheni ni kungojea embe chini ya mnazi.

FEDHA ZILIZO MIGUUNI MWA VIJANA

Nimefika sasa kwenye pato ambalo klabu ndogo nyingi hazilijui. Tangu mwaka 2001 kanuni za FIFA husema hivi: mchezaji akihamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, na ada ikalipwa, asilimia 5 ya ada hiyo hugawiwa klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Huu huitwa mchango wa mshikamano. Kwa kila mwaka kati ya umri wa 12 na 15, klabu iliyokuwa naye hustahili asilimia 0.25 ya ada yote. Kwa kila mwaka kati ya 16 na 23 hustahili asilimia 0.5. Ukijumlisha miaka 4 ya kwanza unapata asilimia 1, na miaka 8 ya pili unapata asilimia 4. Jumla ni 5. Zaidi ya hayo ipo fidia ya mafunzo, ambayo huweza kudaiwa kijana anapopata mkataba wake wa kwanza wa kulipwa.

Tazama safari ya Mbwana Samatta. Alichezea African Lyon ya Dar es Salaam na Simba, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, kisha Genk ya Ubelgiji. Januari 2020 alinunuliwa na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Katika safari ya namna hiyo, kila ada inayolipwa baina ya nchi na nchi huifungua upya asilimia 5 hiyo. Walezi wa kijana hawahitaji kuuza tiketi hata moja.

Zamani ilikuwa kazi ngumu kuzidai fedha hizo. Tangu Novemba 2022 ipo ofisi ya malipo ya FIFA katika mji wa Paris, ambayo hufuata kumbukumbu za usajili wa mchezaji ili ijue nani anastahili kulipwa. Hapa ndipo penye shabaha ya somo langu. Ofisi hiyo haitamwuliza jirani kama ni kweli kijana yule alicheza kwenu. Itatazama maandishi. Klabu isiyosajiliwa na chama cha mpira, au iliyomchezesha kijana miaka mitano bila kumwandikisha, itamwona katika televisheni na kupiga makofi, basi.

DAFTARI TATU

Kwa hiyo nashauri kila klabu ndogo iwe na daftari tatu. La kwanza ni la wachezaji: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo katika cheti, siku aliyojiunga, siku aliyoondoka, na namba yake ya usajili katika chama cha wilaya. La pili ni la wanachama na michango yao. La tatu ni la fedha zilizoingia na zilizotoka, pamoja na risiti zake. Daftari hilo la tatu lisomwe mbele ya wanachama kila baada ya miezi mitatu, wala mweka hazina asione kwamba anatukanwa. Watu hutoa kwa moyo pale wanapoona kilichotolewa jana kimefanya nini. Wakificha viongozi hesabu, hata mwenye mapenzi huifunga mikono yake.

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema hivyo kwa ajili ya maduka na mashamba, lakini naona neno hilo lafaa sana kwa klabu za mpira. Walimu wetu waweza kutusaidia kwa kutufundisha kuziandika daftari hizo hapa shuleni, kwa timu za mabweni. Wazazi nao waweza kusaidia kwa kuvitunza vyeti vya kuzaliwa vya watoto wao. Nasi wa Kidato cha Nne tutakaporudi makwetu, tusiende na miguu tu, twende na kalamu pia, maana klabu nyingi zina wafungaji wa mabao lakini hazina mwandishi.

ZOEZI KWA WASOMAJI

Kijana aliandikishwa katika klabu ya kata akiwa na umri wa miaka 14, akakaa humo hadi mwisho wa mwaka wake wa 17. Baada ya miaka kadhaa klabu ya nchi moja ikamwuza kwa klabu ya nchi nyingine kwa dola 400,000, kabla ya mkataba wake kwisha. Klabu ya kata yastahili kiasi gani?

Jibu: kwa miaka ya 14 na 15 ni asilimia 0.5, kwa miaka ya 16 na 17 ni asilimia 1. Jumla ni asilimia 1.5, yaani dola 6,000. Sasa ifanye hesabu hiyo tena, ukichukulia kwamba kijana yule hakuandikishwa popote.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne