Kamba Moja, Mashamba Mawili



Wazazi wengi hulalamika: "Huyu wangu kujumlisha anaweza, lakini hesabu za kupima zinamshinda." Wengine humalizia kwa kiboko. Kiboko hakijafundisha mtu kupima. Tuangalie kwanza anakwama wapi.

Mtoto akipewa rula, mara nyingi huanzia kwenye alama ya 1, si ya 0, kwa sababu kuhesabu huanza na moja. Penseli ya sentimita 9 anaiandika 10. Mpe rula iliyovunjika inayoanzia 3, umwambie apime. Hapo utajua kama anahesabu nafasi au anasoma tu namba ya mwisho.

Kinachosumbua zaidi ni mzingo na eneo. Mzingo ni safari ya kulizunguka shamba, pale ua unapopita. Eneo ni ardhi iliyo ndani, pale mahindi yanapoota. Kuanzia Gredi ya 4 hesabu hufundishwa kwa Kiingereza, basi mtoto anakariri "perimita" na "eria" kama majina ya wageni, halafu anajumlisha palipotakiwa kuzidisha.

Chukueni kamba ya mita 20, mfunge ncha zake pamoja, na watoto wanne washike pembe. Kwanza wafanye mita 5 kwa 5: eneo ni mita 25 za mraba. Kisha wavute iwe 9 kwa 1. Ni mita 9 za mraba tu! Kamba ni ile ile. Hata sisi wazima hubishana hapa, na mabishano hayo ni mazuri, msiyakate haraka.

Tena jambo hili lina pesa ndani. Ploti ya futi 50 kwa 100 huuzwa kwa jina la sehemu ya nane ya ekari. Zidisha: futi za mraba 5,000. Lakini ekari ni 43,560, na ukigawa kwa 8 unapata 5,445. Kikundi kikinunua ploti nane kikidhani ni ekari nzima, kimepungukiwa futi za mraba 3,560, karibu robo tatu ya ploti. Mtoto wa Gredi ya 6 anaweza kuwaonyesha haya kabla mweka hazina hajatoa pesa.

Mkutano ujao kila mmoja aje na mtoto. Pimeni uwanja mnaokutania, watoto waandike mzingo na eneo, nanyi mkague. Mkikosa tepu, pigeni fundo kila mita moja ya kamba.