Mtazame Mbwa Wako Meno

Mkulima, mbwa anayelinda boma lako ana meno 42, nawe pengine hujayatazama hata siku moja. Mfunue mdomo kila juma. Ukiona ukoga wa manjano, ufizi umevimba na kutoka damu, na pumzi inanuka, ujue ugonjwa umeanza. Baadaye meno hulegea na kung'oka. Msugue meno kila siku kwa kitambaa safi chenye maji. Dawa ya meno ya watu usiitumie, kwani mbwa huimeza, nayo yaweza kumdhuru. Ukoga uliokwisha kuwa mgumu ni kazi ya daktari wa mifugo. Mifupa iliyopikwa usimpe, huvunjika vipande vikali.

Lakini sikia sana neno hili. Mbwa akitokwa na mate mengi, taya limelegea na hawezi kumeza, watu husema amekwamwa na mfupa, na mtu hutia mkono autoe. Usifanye hivyo! Huenda ni kichaa cha mbwa. Watoto wakae mbali, na daktari wa mifugo aitwe upesi. Aliyeumwa, au aliyeingiwa na mate kidondani, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akadungwe sindano.