Ufahamu wa Kiingereza Katika Gaokao

Swali: Mtahiniwa wa China afanyeje mazoezi ya ufahamu wa Kiingereza?

Jibu: Aanze kwa kuijua karatasi yenyewe. Katika mtihani wa kitaifa wa kuingia chuo kikuu, gaokao, Kiingereza kina alama 150. Katika karatasi za kitaifa, usomaji hubeba 50: vifungu vinne vyenye maswali 15 ya kuchagua, kisha kifungu kimoja chenye mapengo matano, kinachojazwa kwa sentensi tano kati ya saba.

Mapengo hayo huwaponza hata wenye msamiati mpana, kwa sababu hupima mtiririko wa hoja. Sentensi inayoanza kwa “hata hivyo” hudai wazo pinzani kabla yake. Inayosema “wao” hudai watu waliokwisha kutajwa.

Wengi hufanya karatasi nyingi, wakasahihisha haraka na kufungua nyingine. Hapo juhudi kubwa hupotea bure. Heri kifungu kimoja cha mtihani uliopita, kisomwe kwa kupimiwa muda bila kamusi, kisha mwanafunzi apigie mstari sentensi inayothibitisha kila jibu na aeleze kwa nini yale machaguo mengine matatu hayafai. Jibu laweza kuwa la kweli kabisa, lakini kama kifungu hakikulisema, si sahihi.

Kamusi ifunguliwe baada ya hapo.